Shajara ya mradi: maharage ya friza, sufuria moja pakiti kumi

Lengo: kuchemsha kilo 1.5 ya maharage makavu kwa mkupuo mmoja, kuyagandisha katika pakiti kumi za gramu 500, na kila pakiti inapotoka iwe na punje nzima, mchuzi mzito na ladha safi. Mradi unafanyika Dar es Salaam, katika jiko la nyumbani ambalo mchana joto hufika nyuzi 31. Vifaa ni sufuria ya lita 8, jiko la gesi, friza ya lita 100 inayofunguka kwa juu, mizani ya jikoni na kipimajoto cha chakula chenye sindano.

Swali kubwa ni moja: kugandisha kabla ya kuunga, au baada ya kuunga? Watu wengi wanaolalamika kwamba friza imewaharibia maharage huwa wamegandisha chakula kilichokwisha kuungwa kwa tui zito na viazi ndani. Kwa hiyo sufuria ya kwanza itagawanywa mara tatu: pakiti nne za kuchemsha tu, tatu zilizoungwa kwa nyanya, tatu zilizoungwa kwa nazi.

Wiki ya 1, Ijumaa usiku: kuchambua na kuloweka

Maharage ni ya njano, mavuno ya karibuni. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hugeuka magumu ya kuiva: nje yanapasuka, ndani bado yana chenga. Ukiyagandisha hayo, ganda linabanduka lote na kiini kinabaki kama chaki. Friza haiponyi punje mbaya.

Kuloweka: maji lita 4.5, chumvi gramu 70, yaani takriban gramu 15 kwa kila lita, saa 10 hadi 12. Chumvi ya kulowekea si ya ladha. Ganda la haragwe limeshikiliwa na pektini, gundi ya asili ya mimea, iliyofungwa kwa madini ya kalisi na magnesi; sodiamu ya chumvi inachukua nafasi yake, ganda linalainika na kunyumbuka badala ya kupasuka. Kwa maharage ya kula leo tofauti ni ndogo. Kwa maharage ya friza tofauti ni kubwa, kwa sababu barafu itakuja kulisukuma ganda hilo kwa ndani. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya kisima yenye chokaa nyingi hukomaza ganda. Kama ndiyo yaliyopo, tumia ya mvua au ya bomba kwa kuloweka na kuchemshia.

Magadi hayatumiki katika mradi huu. Yanalainisha haraka, ni kweli, lakini maharage ya magadi yakitoka kwenye friza huwa uji, na magadi hupunguza vitamini B1.

Usiku wa joto, beseni la kulowekea liwekwe kwenye jokofu au maji yabadilishwe mara moja. Povu na harufu ya uchachu asubuhi maana yake yameanza kuchacha kabla hata ya jiko kuwashwa.

Jumamosi asubuhi: kuchemsha

Maji ya kulowekea yamemwagwa, maharage yamesuuzwa mara mbili. Uzito baada ya kulowekwa ni kilo 3.1. Maji mapya yamepita juu ya maharage kwa sentimita 4.

Dakika 10 za kwanza ni mchemko mkali, maji yanatibuka, bila kupunguza moto. Maharage mabichi, hasa mekundu makubwa, yana lektini inayosababisha kutapika na kuhara vibaya. Mchemko halisi unaiharibu. Moto mdogo usiofika nyuzi 80 hauiharibu, unaweza hata kuizidisha, na ndiyo maana maharage makavu hayaanzi safari yake kwenye sufuria ya umeme ya moto wa pole. Nairobi na Arusha maji huchemka karibu na nyuzi 95 kwa ajili ya mwinuko, hivyo huko mchemko mkali ufike dakika 30 bila kuionea gesi uchungu, au itumike sufuria ya presha.

Baada ya hapo moto umepunguzwa, mfuniko umeachwa wazi kidogo. Nyanya, ndimu na ukwaju haviingii sasa: asidi inazuia ganda kulainika.

Kipimo cha kuiva kwa ajili ya friza si kile cha kula. Punje kumi zinatolewa, zinabanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa kula leo, zote kumi zingebonyea na kuwa rojo. Kwa friza, tunataka zibonyee zote, lakini zigawanyike vipande viwili vitatu kabla ya kuwa rojo. Hali hiyo ilifika dakika 55 tangu mchemko uanze. Kwa maharage haya ya kula leo ingekuwa kama 65 hadi 70. Zile dakika kumi zilizobaki ni fungu la friza na la siku ya kupasha: fuwele za barafu huchana kuta za seli, na moto wa pili humalizia. Lakini isiwe kisingizio cha kugandisha maharage mabichi. Kiini chenye chenga hakiivi vizuri baada ya kuganda.

Mavuno: maharage yaliyochujwa kilo 3.4, supu yake zaidi kidogo ya lita 2. Supu haimwagwi. Ndiyo blanketi la punje ndani ya friza.

Jumamosi mchana: kupooza

Hapa ndipo panapoharibika chakula cha watu wengi.

Sufuria ya lita 5 ya maharage moto ikifunikwa na kuachwa juu ya meza kwa joto la nyuzi 31, baada ya saa 2 katikati bado ni kama 57, baada ya saa 4 ni zaidi kidogo ya 40. Ukiigusa kwa mkono utasema "bado ya moto, ni salama". Sivyo. Vijidudu aina ya Clostridium perfringens na Bacillus cereus hutengeneza mbegu ngumu ambazo mchemko wa kawaida hauziui. Maji yakipoa mbegu zinaamka, na perfringens hustawi kwa kasi kuliko popote kati ya nyuzi 43 na 47. Sufuria iliyofunikwa imewatengenezea kitalu cha usiku kucha. Bacillus cereus huweza pia kuacha sumu isiyoharibika kwa kuchemsha tena, kwa hiyo ile desturi ya kuchemsha kiporo kilichochacha "ili kife" haimwokoi mtu.

Kanuni inayofuatwa: kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, na kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine.

Namna: maharage na supu yamemiminwa kwenye masinia mawili ya chuma, kina kisichozidi sentimita 3. Kila sinia limekaa ndani ya beseni lenye maji na chupa za maji zilizogandishwa, chupa nne za nusu lita kwa kila beseni. Mwiko unapita taratibu kila dakika 5, ukikokota kutoka kingo kwenda katikati, si kukoroga duara, maana kukoroga kunavunja punje. Dakika 12: nyuzi 45. Dakika 30: nyuzi 22. Masinia yamehamia kwenye jokofu, yamefunikwa baada ya mvuke kuisha. Saa moja na nusu baadaye ni nyuzi 6.

Sinia la plastiki halifai kazi hii, linazuia joto kutoka. Na chakula cha moto hakiingii friza moja kwa moja: kinapasha moto pakiti za jirani zilizokwisha kuganda, na mvuke wake unarudi kuwa theluji kwenye kuta.

Wakati maharage yanapoa, sehemu za kuungwa zimeungwa kwenye sufuria ndogo: moja kwa kitunguu, kitunguu swaumu, nyanya tano, karoti na hoho, nyingine kwa kitunguu, bizari ya manjano na tui zito la nazi moja. Zote zimepoozwa kwa njia ile ile.

Jumamosi jioni: kupakia

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na hata kama ingekuwepo haifai: ni myembamba, inapitisha hewa na kupasuka baridini. Zinatumika kontena za mstatili za mililita 750 zenye mfuniko, zile za kufungia chakula cha kubeba. Kila moja: maharage gramu 340, supu gramu 160. Kina kinafika sentimita 3 hivi. Juu imebaki nafasi ya sentimita moja, ambayo kwa chombo kifupi na kipana inatosha; kopo refu linahitaji mbili hadi tatu. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na chombo kilichojazwa hadi ukingoni hufyatua mfuniko.

Makopo ya aiskrimu ya lita moja yaliyojazwa ni chaguo baya, ingawa ndiyo yaliyojaa majumbani. Bonge la sentimita 12 huchukua karibu siku nzima kuganda hadi katikati. Kuganda polepole huzaa fuwele kubwa za barafu, na fuwele kubwa ndizo zinazochana punje. Bonge bapa la sentimita 3 linaganda kwa saa 6 hadi 8. Kama kopo la aiskrimu ndilo pekee lililopo, litiwe robo tu.

Punje zote zizame kwenye supu. Punje inayochungulia juu hukauka, hugeuka nyeupe na kuwa kama sponji.

Kila mfuniko una kipande cha mkanda wa karatasi chenye tarehe, aina na neno "chumvi bado" au "chumvi tayari". Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye unyevu. Kalamu ya risasi haifutiki.

Friza ya lita 100 isipewe zaidi ya kilo 4 au 5 za chakula kipya kwa siku. Pakiti tano zimeingia usiku huu, zimeachanishwa ili hewa ipite. Tano zimelala kwenye jokofu na kuingia asubuhi. Zikishaganda ndipo zinapangwa juu kwa juu.

Wiki ya 2: pakiti za kwanza

Imefunguliwa moja ya kila aina, zimeyeyushwa usiku kucha kwenye jokofu.

Ya nazi: tui limekatika. Juu kuna vipande vyeupe vya mafuta, chini maji ya kijivu. Tui ni matone ya mafuta yanayoelea majini kwa msaada wa protini inayoyazunguka. Barafu inapojengeka inayasukuma matone pamoja hadi utando huo unapasuka. Kupasha kwa moto wa pole na kusaga upawa mmoja wa maharage hayo kisha kuurudisha sufuriani kumeunganisha mchuzi kwa kiasi, lakini ulimini bado kuna chembechembe. Inalika. Kwa mgeni, hapana.

Ya nyanya: imetoka vizuri. Mchuzi una maji kidogo zaidi, dakika 5 bila mfuniko zimeukaza. Karoti imelegea. Hoho imetawala ladha kuliko ilivyokuwa siku ya kupika, na kitunguu swaumu pia. Viungo hivi huongeza ukali au uchungu frizani, kama ilivyo kwa karafuu na pilipili manga. Sasa vinatiwa nusu ya kawaida, vingine siku ya kupasha.

Ya kuchemsha tu: punje nzima, zilizopasuka ni chache sana, supu nzito. Imeungwa kwa tui bichi kwa dakika 15, na mlaji hawezi kuitofautisha na maharage ya siku hiyo.

Jibu la swali limeanza kuonekana: gandisha maharage, si mboga iliyokamilika. Kinachokula gesi na saa ni kuchemsha, na hicho ndicho kinachofaa kuwekwa akiba. Kuunga ni robo saa.

Wiki ya 3: kupasha

Njia tatu kwa pakiti za kuchemsha na za nyanya.

Sufuria, kutoka kwenye barafu moja kwa moja: kontena inashikiliwa chini ya maji ya bomba nusu dakika, bonge linadondoka. Maji mililita 100 kwanza ndani ya sufuria, kisha bonge, mfuniko, moto mdogo. Yale maji ndiyo siri. Bila maji, supu ya kwanza kuyeyuka ni kidogo na imejaa wanga. Inatua chini, inashika, na harufu ya kuungua inasambaa sufuria nzima wakati katikati bado ni jiwe. Dakika 8 bonge linageuzwa. Dakika 12 linaachanishwa kwa ncha ya mwiko. Kisha moto unapandishwa hadi yachemke pande zote, dakika 3. Sindano katikati isome angalau nyuzi 74. Mvuke kwenye kingo hauthibitishi kitu.

Mikrowevu: bakuli la kioo, kifuniko kilichoachwa wazi kidogo, nguvu nusu dakika 7, koroga, nguvu kamili dakika 3, acha itulie dakika 2, pima. Nguvu kamili tangu mwanzo inapasua punje za pembeni kwa mvuke wa ndani.

Kuyeyusha jokofuni usiku kucha: njia bora kwa punje, mbaya kwa anayesahau. Likishayeyuka lisipite siku 3.

Kuyeyusha juu ya meza hakumo katika orodha. Kwa joto la Pwani, nje ya pakiti huwa vuguvugu saa nyingi kabla ya katikati kulegea.

Kinachopashwa ni kile kitakacholiwa. Kiporo cha kiporo hakirudi frizani. Ndiyo faida ya pakiti ndogo. Gramu 500 ni sahani za watu wawili au watatu pamoja na wali.

Wiki ya 4: makande na mbaazi

Makande: mahindi yaliyokobolewa kilo 1, maharage gramu 500, vilivyolowekwa pamoja. Yanaganda vizuri kuliko maharage peke yake, kwani punje ya hindi ni imara. Kasoro ni kiu: wanga uliopoa hujipanga upya na kukaza mchuzi, hivyo pakiti ya gramu 500 inahitaji maji mililita 150 wakati wa kupasha. Viazi mviringo havitiwi kabla ya kugandisha. Kiazi kilichoganda hutoa maji yake na kubaki sponji ya chengachenga, na makande yote yanaonekana yamechacha hata kama ni mazima. Vitiwe siku ya kula, vimekatwa vidogo, dakika 15.

Mbaazi: ganda lake nene linavumilia friza kuliko yote yaliyojaribiwa. Zinachemshwa hadi kuiva kabisa, si pungufu kama maharage, na kugandishwa na supu. Ijumaa usiku pakiti inashuka jokofuni. Jumamosi asubuhi tui jepesi, kitunguu na chumvi, zichemke dakika 10, halafu tui zito na kuondoa motoni linapoanza tu kupanda. Mahamri yakiwa mezani, hakuna anayeuliza habari ya friza.

Choroko na dengu za kupaaza zinapasuka zenyewe, kwa hiyo hazina cha kulinda. Zigandishwe kama rojo.

Wiki ya 6: umeme

Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hushikilia baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama 24. Mapengo yamejazwa chupa za maji, ambazo ndizo zile zile za mabeseni ya kupoozea. Inayofunguka juu ina nafuu, baridi haimwagiki miguuni.

Kipo pia kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu. Sarafu ikikutwa chini kabisa, friza iliyeyuka na kuganda tena wakati nyumba haina mtu, na chakula kinatupwa, hata kiwe kigumu kama jiwe sasa. Umeme ukirudi wakati pakiti bado ina barafu ndani, au haijapita nyuzi 4, inaweza kugandishwa tena. Punje zitalegea, afya haina hatari.

Wiki ya 12: pakiti za mwisho

Ya kuchemsha: nzuri, supu imefifia kidogo. Ya nyanya: mafuta yameanza harufu ya kuchakaa. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inasimamisha vijidudu, lakini haizuii kabisa mafuta kuharibiwa na hewa. Kwa hiyo miezi 3 kwa yaliyoungwa, hadi 6 kwa ya kuchemsha.

Hesabu hizo ni za friza halisi. Kisanduku cha barafu ndani ya jokofu dogo chenye alama ya nyota moja hufika 6 chini ya sifuri, na kinatosha wiki moja. Nyota mbili ni 12 chini ya sifuri, mwezi mmoja. Nyota tatu ni 18 chini ya sifuri.

Sufuria inayofuata: kilo 1.5 ya maharage mekundu makubwa. Pakiti nane za kuchemsha, mbili za nyanya zisizo na hoho na zenye mafuta kijiko kimoja tu. Za nazi, hakuna. Nazi itakunwa siku ya kula.